Sebule ya Miavuli Mitatu na Kipande

Siku ya 1 ya mvua, Jumatatu

Nahesabu siku tangu tone la kwanza, kwa sababu ndivyo Shangazi alivyoniwekea mpaka: "Mvua zikiisha, tutajua mbivu na mbichi."

Shangazi ni dada mkubwa wa baba, na ni dalali wa nyumba. Ofisi yake ina meza moja, viti viwili, na simu inayolia kama mtoto aliyebanwa kidole mlangoni. Mimi nimemaliza mtihani wa mwisho na nasubiri matokeo, kwa hiyo nyumbani wameamua nisioze bure.

Kuna nyumba ndogo ya mzee mmoja mstaafu, tunamwita Mzee Funguo kwa sababu anatembea na funguo zote za maisha yake shingoni. Aliishi humo mwenyewe, akahama, na sasa imekaa miezi saba bila mpangaji. Leo Shangazi ameniwekea kamera yake mapajani na kusema:

"Piga picha zitakazomleta mpangaji kabla mvua hazijaisha. Ukiweza, nakununulia lenzi. Moja, na uchague mwenyewe. Kazi ya picha inakuwa yako. Nyumba ikibaki tupu, kamera inarudi kabatini, na wewe unakaa hapa mezani kupokea simu."

Niliitazama simu. Nayo, nakuapia, ikanitazama.

Naandika hapa yale ambayo siwezi kuyasema. Shuleni tunasoma kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza nina maoni mengi, yote kwenye madaftari. Kwa Kiswahili nina aibu. Mara ya mwisho nilipopokea simu ya ofisi nilisema "Hallo", mtu akasema "Hallo", nikaona mazungumzo yamekwenda vizuri, nikakata.

Siku ya 2, Jumanne

Mvua. Nimesoma kuhusu lenzi mpaka macho yakawasha. Kumbe wapiga picha hugombana kuliko wanasiasa.

Siku ya 4, Alhamisi

Tumekwenda kwa Mzee Funguo. Nyumba ina sebule, chumba cha kulala, jiko, bafu, na mlango mmoja tu wa kutokea. Vigae vya sakafuni ni vidogo, vya rangi ya maziwa. Madirisha yana wavu wa mbu uliopigiliwa misumari na Mzee mwenyewe. "Mbu akitaka kuingia," alisema, "aje na nyundo."

Lenzi iliyokuja na kamera ni ya milimita hamsini. Ni nzuri kwa sura ya mtu. Chumba kizima haikioni, inaona kona tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Nikipiga kitanda, dirisha halipo. Nikipiga dirisha, kitanda kimeondoka. Nikarudi nyuma hatua moja. Nikarudi nyingine. Mgongo ukagusa kabati la ukutani. Nikafungua mlango wake, nikaingia. Angalau sasa kitanda na dirisha vilikuwa pamoja kama watu waliopatana.

Hapo mlango wa kabati ukajifunga.

Nilikuwa nakusanya ujasiri wa kugonga kutoka ndani niliposikia sauti ya Mzee Funguo akimwonyesha Shangazi chumba. "Na hili kabati, mama, lina nafasi ya kutosha..." Akafungua.

"Shikamoo," nikasema, katikati ya hanga za nguo.

"Marahaba," akasema. Akaufunga mlango taratibu, kwa heshima zote.

Shangazi alicheka mpaka kwenye gari. Halafu akakumbuka kwamba amesahau mwavuli wake sebuleni, tukarudi. Mwavuli huo ni mwekundu, kijiti chake kimoja kimevunjika, na huachwa kila mahali.

Siku ya 5, Ijumaa

Nimezikagua picha. Kati ya kumi na nne, tisa zina ukingo wa kabati. Tatu zina mwavuli wa Shangazi umeegemea ukuta. "Huo mwavuli unafanya nini kwenye biashara yangu?" ameuliza, kana kwamba nimeuacha mimi. "Picha iwe safi, mwanangu. Isionekane hata sisimizi."

Siku ya 7, Jumapili

Jirani yetu hupiga picha za harusi. Jina lake silijui, kwa sababu mtaa mzima unamwita Cheka Kidogo, maneno anayowaambia maharusi. Msimu wa mvua hakuna anayeoa, kwa hiyo anashinda kibarazani akifuta lenzi zake kama vikombe vya mgeni.

Shangazi alinisukuma niende mwenyewe. Nilisimama mbele ya jirani nikasahau nilichojia, nikamwonyesha kamera tu.

"Una hamsini," akasema. "Ndani ya nyumba?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Uliingia kabatini?"

Nilishtuka. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Kila mwenye hamsini ameshaingia kabatini. Mimi niliwahi kuingia kwenye beseni." Akanipa lenzi mbili nijaribu, nizirudishe mvua zikiisha. Moja ni ya milimita kumi na nne, kioo chake kimevimba kama jicho la chura. Nyingine ni ishirini na nne, haina mbwembwe. "Namba ikipungua, lenzi inaona zaidi. Kumi na nne inaona chumba, inaona dari, inaona na usichotaka. Lakini inavuta. Kilicho karibu inakifanya jitu, kilicho mbali inakisukuma mbali zaidi. Wengi hukimbilia hiyo. Ishirini na nne inaona kidogo, ila haiongezi chumvi."

"Nichague ipi?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye utakayekuwepo mtu akifungua mlango."

Sikulielewa jibu hilo. Nililiona kama mambo ya wazee.

Siku ya 9, Jumanne

Kumi na nne! Mungu wangu, kumi na nne!

Nimesimama kwenye kona ya sebule ya Mzee Funguo, nikabonyeza, na sebule ikawa uwanja wa mpira. Vigae vya mbele vikawa vikubwa kama mikeka. Ukuta wa pili ukahamia mtaa wa jirani. Picha za kwanza niliinamisha kamera kidogo, kuta zote zikalala upande, Mzee akaziona. "Kuta zangu zimelewa?" Nikajifunza kuiweka kamera sawasawa kwenye stendi, usawa wa kifua, na kuta zikapata akili.

Mwavuli wa Shangazi ulikuwa umesahauliwa tena pembeni. Kwenye picha ulitanuka, ukawa kama kasia. Nikakumbuka sisimizi. Nikautoa mwavuli, nikatoa kiti, nikatoa ndoo, nikatoa ndala za Mzee. Ikabaki sakafu tupu inayometameta.

Mzee aliitazama picha kwenye kioo cha kamera kwa muda mrefu. "Hii ni kwangu?"

"Ndiyo."

"Basi nimeishi miaka yote hiyo nikibanana pembeni bila sababu."

Siku ya 10, Jumatano

Shangazi amenibusu paji la uso. Picha zimewekwa mtandaoni. Nimeshachagua lenzi moyoni.

Siku ya 13, Jumamosi

Mpangaji amepatikana! Ni mama mmoja nesi anayehamishiwa hospitali ya hapa kutoka mji wa mbali. Hana nafasi ya kuja kuangalia, ameridhika na picha. Shangazi aliweka simu kwenye spika nami nikawa chini ya meza nikitafuta kifuniko cha lenzi. (Kilikuwa mfukoni.)

"Hiyo sebule," nesi alisema, "nimehesabu vigae kwenye picha. Kumi kwa urefu. Vya kwangu hapa navijua ukubwa wake. Basi nitaagiza kochi la kona kwa fundi wa hukohuko, lifike siku moja na mimi. Nina watoto wanne na mume anayelala kwenye kochi."

"Agiza, mama, agiza!" alisema Shangazi.

Chini ya meza, kitu kilinichoma. Vigae vya nyumba gani ndivyo anavyovijua ukubwa? Nilitaka kuuliza. Ningelazimika kutoka chini ya meza, kusogea kwenye simu na kusema. Nikaona ni safari ndefu. Nikanyamaza.

Siku ya 14, Jumapili

Bado kinanichoma. Mvua.

Siku ya 16, Jumanne

Mvua. Nimepika chai ikaungua. Sikujua kwamba chai huungua.

Siku ya 20, Jumamosi

Nimeoga mara mbili na bado nanuka sponji ya kochi. Naandika yote kwa mpangilio, ili siku moja nikisema ilikuwa ndoto, daftari linisute.

Saa nne asubuhi nesi aliwasili kwenye mvua na begi moja, watoto wakiwa bado kule na baba yao. Ni mama mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Mzee Funguo alifungua mlango. Nesi akaingia, Shangazi akamfuata na sifa zake. Mimi nilibaki kibarazani nimeshika mkoba wa Shangazi, simu yake na mwavuli, kwa sababu sikutaka kuiona sura ya nesi.

Nikamsikia akiuliza: "Sebule iko wapi?"

"Ndiyo hii, mama," akasema Shangazi.

"Hii si korido?"

Kabla hajajibiwa, gari la mizigo likasimama na kochi likashuka. Sijawahi kuona kochi kama lile. Rangi ya zambarau, limepinda kona kama barabara, watu saba wangekaa bila kufahamiana. Wabebaji wawili walikuwa na haraka na mvua ilikuwa inawapiga. Nesi akapaza sauti kutoka ndani, "Ngojeni kwanza!" lakini wao walishalilaza ubavu na kulisukuma. Likaingia. Likaendelea kuingia. Kisha likasema *du!* Kichwa kilikuwa kimegonga ukuta wa pili, na mkia bado uko nje ukinyeshewa. Kona yake ikakaa kwenye fremu ya mlango kama kizibo kwenye chupa.

Wakalivuta. Fremu ikalia *krrr*, ikataka kuja nalo.

"Fremu yangu!" Mzee akapiga kelele ndani. "Mkivuta tena nawashtaki hadi babu zenu!"

Wabebaji wakatazamana. "Sisi kazi yetu ni kubeba," mmoja akaniambia, kana kwamba mimi ndiye mkubwa wa eneo. "Kubomoa ni kazi ya fundi." Wakaingia kwenye gari, wakaenda zao.

Hali ikawa hivi. Ndani: Shangazi, Mzee Funguo asiye na simu, na nesi ambaye simu yake ilizimika safarini. Mlango ni mmoja, umezibwa. Nje: mimi, mvua, na simu.

Uso wa Shangazi ukatokea dirishani, umegawanywa vipande vidogo na wavu wa mbu. "Nipe simu!"

Nikaisogeza. Wavu haupitishi hata sindano.

"Mzee, toa huu wavu!"

"Nyundo iko stoo ya nje, mama," alisema Mzee.

"Na ufunguo wa stoo?"

Tukasikia funguo zikigongana shingoni mwake. Ufunguo ulikuwepo. Ulikuwa upande usiofaa wa kochi.

"Mwanangu," akasema Shangazi, na sauti yake ikawa laini, jambo lililonitisha kuliko kelele. "Piga simu kwa fundi."

"Sina namba."

"Iko hapo kwako!" akadakia nesi. "Hawa huandika chini ya kochi!"

Na kweli. Chini ya kochi kulikuwa kumegeukia kwangu, na namba iliandikwa kwa chaki, usawa wa pua yangu. Maji ya mvua yalishaanza kuiramba. Tarakimu ya mwisho ilikuwa inageuka uji. Kama ningesubiri nipate ujasiri, namba ingekuwa imeshafika mtaroni.

Nikapiga. Ikaita. Nikaomba Mungu fundi asipokee.

"Hallo," akasema fundi.

"Hallo," nikasema mimi.

Hapa ndipo huwa nakata. Kidole kilikwenda chenyewe kwenye kitufe. Nyuma ya wavu, macho sita yalinitazama.

"Kochi," nikasema.

"Kochi gani?"

"La zambarau. Limeziba mlango. Kuna watu watatu ndani na mmoja ni Shangazi."

"Haiwezekani. Nilishona kufuata vipimo! Mama alinitumia picha. Sebule ile ni kama uwanja! Mimi mwenyewe nilisema hawa watu wana uwezo. Hapo kuna aliyedanganya, na si mimi!"

Mvua ilikuwa inaingia kwenye kola. Ningeweza kusema ndiyo, kuna aliyedanganya, njoo tu. Badala yake maneno yakanitoka kama maji ya bomba lililokuwa limekatika.

"Picha niliipiga mimi. Kwa lenzi ya kumi na nne. Inavuta vitu. Vigae ni vidogo, nusu ya anavyodhani, na mimi nilitoa kila kitu sebuleni, hata ndala, kwa hiyo hakukuwa na cha kulinganishia. Siku ile aliposema amehesabu vigae, nilihisi kuna kitu hakiko sawa, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa chini ya meza. Kosa si lako wala si lake. Tafadhali njoo na bisibisi."

Nikafikiri amekata, na kwa mara ya kwanza nikajua maumivu ya kukatiwa.

"Chini ya meza ulikuwa unafanya nini?" akauliza.

"Nilikuwa naogopa simu."

Alicheka. Alicheka mpaka akakohoa. "Nakuja, binti. Usiwaache wavute fremu."

Alichukua saa tatu, kwa sababu barabara ya bondeni ilijaa maji. Nilisimama kibarazani na mwavuli, nikiufunika mkia wa kochi. Nilijua kwamba wamenisikia wote. Nesi ndiye aliyekuja dirishani.

"Kwa hiyo ni wewe mpiga picha."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Njia ya mwongo ni fupi," akasema, "lakini hii sebule yako ni fupi zaidi." Kisha akaguna, na sikujua kama ni hasira au kicheko.

Fundi alifika, akaingiza mkono chini ya kitambaa mahali ambapo yeye tu anapajua, akafungua boliti nne, na kochi likaachana vipande viwili kama wanandoa waliochoka. Wafungwa wakatoka. Nesi alisimama kibarazani, akageuka kuitazama nyumba.

"Nitafikiri," alimwambia Shangazi. "Mume wangu lazima aione. Nipigieni picha nyingine, na safari hii nataka za kweli. Nikiona chumvi hata punje, mtafute mwingine."

Siku ya 21, Jumapili

Nilidhani Shangazi atanigombeza. Ameninywesha uji, akasema: "Mimi ndiye niliyesema isionekane hata sisimizi." Halafu, mlangoni: "Lakini ulipiga simu." Halafu akasahau mwavuli.

Siku ya 23, Jumanne

Ishirini na nne.

Haina maajabu. Nikiwa kwenye kona, sebule inaonekana ilivyo: ndogo, nadhifu, ukuta wa pili uko palepale ulipojengwa. Ila kuna jambo. Ile kumi na nne ilikuwa imelisukuma dirisha mbali likawa kama kiberiti. Ishirini na nne imelirudisha. Ni dirisha kubwa, na saa tatu asubuhi, mvua ikipumzika, mwanga unaingia wote, unafika mpaka kwenye mlango wa jiko. Mara zote nilizokwenda pale sikuwahi kuliona. Nilikuwa nahangaika na ukubwa.

Picha ya kwanza ilikuwa safi, tupu. Nikaitazama. Bado mtu angeweza kudhani vigae vyovyote. Nikauchukua mwavuli mwekundu wa Shangazi, nikauegemeza ukutani. Kila mtu ameshika mwavuli. Kila mtu anaujua urefu wake kwa mkono. Kisha nikaulaza sakafuni nikapima ukuta kwa ukuta.

"Mitatu na kipande," nikamwambia Mzee Funguo.

"Miaka yote nimeipima kwa miguu," alisema. "Kumbe ni nyumba ya mwavuli." Akarudisha ndala zake kwenye picha, bila kuombwa.

Siku ya 24, Jumatano

Shangazi aliziona picha, akafungua mdomo kuhusu mwavuli, akaufunga. Amezituma.

Siku ya 26, Ijumaa

Hakuna jibu. Mvua ya rasharasha tu, na hiyo ndiyo inayonitisha.

Siku ya 29, Jumatatu

Hakuna jibu. Jua lilitoka dakika kumi. Watu wote mtaani walifurahi isipokuwa mimi.

Siku ya 31, Jumatano

Leo haikunyesha kabisa. Mawingu yamekunja mizigo yao yakaondoka. Cheka Kidogo amepita ofisini akiwa amevaa suti, msimu wake umefunguka. Alisimama mlangoni kuchukua lenzi zake. Niliweka ile ya kumi na nne mkononi mwake. Ya ishirini na nne niliibakiza kwangu kidogo, kama mtu anayeaga, kisha nikampa; akabaki mlangoni akizifuta.

Kipande kifupi cha lile kochi sasa kiko hapa ofisini, nesi alikiacha kwa hasira; kile kirefu kimebaki kwa fundi. Nimekikalia, karibu na simu, nikijizoesha maisha yangu mapya.

Ikalia.

Shangazi alikuwa juu ya ngazi akibadilisha balbu. "Ipokee!"

"Shuka wewe!"

"Nishuke niivunje balbu? Ipokee!"

Nikaipokea. "Hallo." Ilikuwa sauti ya kuamsha wodi.

"Ni yule binti wa kochi? Vizuri, nataka wewe. Mume wangu ameziona picha. Anauliza, ile sebule ni ndogo kama inavyoonekana?"

Shangazi aliganda juu ya ngazi, balbu mkononi. Nikaona uso wake unaniomba niongeze chumvi punje moja tu.

"Ni ndogo, mama," nikasema. "Ni miavuli mitatu na kipande. Kipande kile kirefu cha kochi lako kitakaa peke yake, na mumeo akijinyoosha, miguu itagusa mlango wa jiko. Lakini dirisha ni kubwa, na asubuhi jua litamfikia hapohapo alipolala."

Sikukata simu.

"Mimi nilikaa humo saa tatu bila kupenda," nesi akasema, "na mzee wa funguo na shangazi yako wakibishana, na sikuichoka ile nyumba. Nilijiuliza kwa nini. Kumbe ni dirisha. Tunahamia Jumamosi. Mwambie fundi aje na bisibisi, tahadhari si woga. Na mwanangu mdogo anauliza kama ule mwavuli unakuja na nyumba."

"Hapana, mama. Mwavuli ni wa Shangazi, amesahau tu. Haupangishwi."

Ndiyo sentensi iliyonitoka bila kutetemeka kuliko zote nilizowahi kusema kwenye simu.

Nilipoweka simu chini, Shangazi alishuka ngazi, akamwendea Cheka Kidogo, wakanong'onezana bei kando. Akarudi na ile ya ishirini na nne, akaniwekea mapajani palepale alipoiweka kamera siku ya kwanza. Alikuwa na machozi, akasema ni vumbi la dari.

Simu ikalia tena. Ikalia mara ya pili. Shangazi akanitazama, nyusi juu, mkono umeashiria mezani.

"Pokea wewe," nikamwambia. "Mimi nafuta lenzi."